Maswali na Majibu: Peugeot 504 Stesheni Wagoni, Maradhi Yake na Gharama Zake

Barua za safari hii zimetoka kwa wenye Pijo 504 ndefu, zile zilizokuwa zikibeba abiria wa Nairobi, Nakuru na Kisumu kabla ya matatu za Nissan kushika njia. Saluni ya 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na stesheni wagoni ikafuata baadaye kidogo. Zilizobaki ni chache na nyingi zimechoka. Nazipenda, na ningependa kila iliyosalia itunzwe ipasavyo.

Fundi, nikipanda Mai Mahiu kurudi Nairobi gari linachemsha. Nimebadilisha rejeta na themostati, bado. Kwenye tambarare halina shida. (Msomaji, Nakuru)

Ndugu yangu, kabla hujatoa hela nyingine, angalia feni. Feni ya 504 haizunguki muda wote. Ina klachi ya sumaku: maji yakipata joto, swichi ya joto inapitisha umeme, sumaku inanasa, na hapo ndipo feni inaanza kuzunguka pamoja na puli. Umeme huo unapita kwenye brashi moja ndogo ya kaboni, na brashi huisha. Ukiwa kasi kwenye tambarare, upepo unapoza rejeta peke yake na hutagundua lolote. Mlimani, kwenye gia ya pili nyuma ya lori, ndipo ugonjwa unapojitokeza.

Injini ikiwa imezima, peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye brashi. Ukisikia "tak", sumaku ni nzima, basi fuata swichi na nyaya zake. Kukiwa kimya, brashi imekwisha au pete inayoigusa imechafuka. Ukikwama njiani, zile skrubu za kurekebishia nafasi ya klachi zinaweza kukazwa hadi feni ishikane na puli, nawe ukafika nyumbani. Lakini mafundi wengi huziacha hivyo miaka nenda miaka rudi, na mwenye gari hulipia kwa petroli na kelele. Brashi ni spea ya bei ndogo. Itafute.

Shikamoo fundi. Gasketi ya silinda hedi imeungua mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Fundi wangu anasema hizi gari ndivyo zilivyo. (Msomaji, Moshi)

Marahaba. La, sivyo zilivyo. Injini ya lita 2 ya gari hili, ikifungwa vizuri, hukaa miaka mingi bila kufunguliwa. Gasketi ikirudia kuungua, ama chanzo cha joto hakikutibiwa, ama ufungaji ulikuwa na kasoro.

Bloku ni ya chuma, hedi inayoifunika juu ni ya alumini, na slivu zake, yaani mitungi ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazungukwa na maji moja kwa moja. Zimekaa juu ya sili zake chini na kubanwa na hedi kutoka juu. Hapo mafundi wengi huteleza. Hedi ikishatolewa, slivu hazina kinachozishikilia. Fundi akizungusha injini kidogo tu, pistoni huzinyanyua, sili za chini zinaharibika, na maji yanashuka kwenye oili hata kama gasketi ya juu ni mpya. Kabla ya kuzungusha chochote, slivu zibanwe kwa bolti na washa pana. Halafu zipimwe: kila moja inatakiwa ijitokeze juu ya uso wa bloku kwa sehemu ndogo sana ya milimita, na zote ziwe karibu sawa. Iliyozama haibani gasketi, na hapo ndipo patakapoungua tena. Muulize fundi wako kama alipima. Akisema aliangalia kwa macho, tafuta mwingine.

Hedi yenyewe isifunguliwe ikiwa na joto, maana alumini hupinda. Ikishapinda hupelekwa kuskimiwa, yaani kuchongwa uso wake unyooke, na hapo uwe mwangalifu: hedi iliyoskimiwa mara nyingi huwa nyembamba, mgandamizo unapanda, injini inaanza kugonga mlimani. Gasketi nene kidogo husaidia, lakini hedi iliyokwisha imekwisha. Bolti zikazwe kwa spana ya kupimia na kwa mpangilio wa kuanzia katikati kwenda nje, kisha zirudiwe baada ya kilomita elfu moja hadi mbili. Kurudia huku ndiko wengi hukuruka.

Na maji ya bomba au ya kisima peke yake acha. Yanakula alumini na kujaza kutu kwenye bloku. Tia kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, hata huko Moshi.

Nimeonyeshwa 504 ya viti vya safu tatu. Injini haiwaki lakini bodi inaonekana safi. Nyingine injini ni nzima, bodi ina kutu kidogo. Ninunue ipi? (Msomaji, Mombasa)

Dada, nunua bodi. Injini ya lita 2 ilifungwa pia kwenye pikapu za 504, na Kenya iliendelea kuunganisha 504 hadi miaka ya 2000, kwa hiyo injini na spea zake bado zapatikana. Mlango wa nyuma wa stesheni wagoni, vioo vya ubavuni na viti vya safu ya tatu ndivyo vitakavyokutoa jasho.

Ila usiamini macho, hasa kwa gari lililoishi karibu na bahari. Pita na sumaku. Isiponasa, chini ya rangi kuna fila, ile lipu ya kuzibia kutu. Inua zulia ugonge sakafu. Kagua chini ya milango, ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma, ukingo wa mlango wa nyuma, na pale shokomzoba za mbele zinaposhikilia bodi kwa juu. Pakiwa pameoza hapo pa mwisho, achana nalo. Kuagiza jingine kutoka nje haiwezekani, kwani Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8.

Petroli isiyo na risasi haiharibu valvu za gari la zamani? (Msomaji, Arusha)

Kwa 504, usiwe na hofu. Hedi ya alumini ina viti vya valvu vilivyopachikwa vya chuma kigumu, na petroli yenye risasi ilishaondoka kusini mwa Sahara tangu 2006. Magari haya yametembea tangu hapo. Pima nafasi za tapeti, yaani mwanya ulioachwa kwenye valvu, injini ikiwa baridi: milimita 0.10 upande wa kuingizia, 0.25 upande wa ekzosi. Nafasi ya ekzosi ikizidi kupungua kila unapopima, hapo fungua uangalie.

Litanigharimu kiasi gani kwa mwezi? (Msomaji, Thika)

Petroli ndiyo kubwa. Hesabu kilomita 7 hadi 9 kwa lita, gari likiwa na kabureta nzima. Kwa kilomita 1,000 ni lita 110 hadi 140. Likizidi hapo, kagua floti (boya) ya kabureta, platini (swichi ya cheche) na plagi kabla ya kulaumu umri. Oili ni lita 4 kila kilomita 5,000. Spea za kawaida zipo Kirinyaga Road, Nairobi, lakini nenda na kilichotolewa mkononi ukilinganishe. Usikubali springi za nyuma za saluni, maana stesheni wagoni ina ekseli nzima na springi mbili kila upande. Kwa bima, kampuni nyingi husita kutoa bima kubwa kwa gari la umri huu. Omba ripoti ya mthamini anayeyajua magari ya kale, uipeleke kampuni zaidi ya moja.

Gia za kwenye usukani zinakwama kati ya ya kwanza na ya pili. Gia boksi imekufa? (Msomaji, Kisumu)

Mara nyingi ni bushi za vyuma vya kuunganishia, zimelika. Badilisha zote pamoja, seti upya urefu wa vyuma hivyo, ndipo ufikirie gia boksi.