Mnauliza, Tunajibu: Yule Jamaa wa Kidole

*Habari za kazi. Kuna klipu inazunguka sana kwenye simu, jamaa mrefu kupita kiasi yuko ofisini, mtu akirusha karatasi kwenye ndoo ya taka yeye anaidaka njiani na kuipiga mbali halafu anatikisa kidole kama anamkanya mtoto. Mdogo wangu anabisha eti ni mchekeshaji. Mi nasema huyu ni mchezaji wa basketi. Tuamulieni. (Msomaji, Mwanza)*

Dada umeshinda. Huyo ni Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, na hiyo ni tangazo la bima la kampuni ya Geico la mwaka 2013, sio ofisini tu, kuna sehemu anazima hadi boksi la sirio supamaketi mtoto analirusha kwenye toroli. Lakini kidole hakikuanzia kwenye tangazo jamani! Ndo ilikuwa saini yake uwanjani: ukija kufunga anakubloku, yaani anaupiga mpira wako kabla haujafika kikapuni, kisha anakutikisia kidole, hapana hapana, sio kwangu. NBA, ile ligi kuu ya basketi ya Marekani, wakaona ni dharau, ukimfanyia mchezaji usoni unapigiwa teknikali, yaani faulo ya utovu wa nidhamu, basi yeye akawa anageukia mashabiki na kuwatikisia wao. Alicheza misimu 18, akabloku mara 3,289, kwenye historia ya NBA anayemzidi ni Hakeem Olajuwon peke yake, na mara 4 alitajwa mlinzi bora wa mwaka. Mwambie mdogo wako atafute mechi ya 5 ya timu yake ya Denver dhidi ya Seattle, 1994. Denver wameingia mtoano wakiwa wa nane, Seattle ndo vinara, Denver wakafungwa mbili za kwanza wakarudi wakashinda tatu mfululizo, na filimbi ya mwisho inapolia Mutombo yuko chini sakafuni kalala chali kaushika mpira kwa mikono miwili juu ya kichwa huku anacheka kwa furaha. Mi ile picha bado inanisisimua mpaka leo.

*Alishacheza muvi? (Msomaji, Mombasa)*

Ndiyo ila vipande vidogo, anatokea kama yeye mwenyewe. Yupo kwenye Juwanna Mann ya 2002, na Coming 2 America ya 2021. Usikae ukitegemea atakuwa stelingi.

*Jambo sana. Huku watu wanasema Mutombo alijenga hospitali Kinshasa kwa pesa yake, wengine wanasema ni jina tu waliweka. Ukweli ni upi? Na Kiswahili alikuwa anajua? (Msomaji, Lubumbashi)*

Sio jina tu kaka, na hili nalijibu kwa moyo wote kwa sababu watu wengi wanamjua kwa kidole halafu wanaishia hapo. Huyu mtu alienda Marekani 1987 kwa skolashipu, chuo kikuu cha Georgetown, na nia yake ilikuwa asomee udaktari, mpira ulikuja baadaye kocha John Thompson alipomwona ule urefu, mita 2.18. Sasa 1997, keshakuwa staa, mama yake anaugua Kinshasa wakati wa vurugu za vita, njia hazipitiki, hawakuweza kumfikisha hospitali, akafa. Fikiria una hela zote hizo na mama yako anakufa kwa kukosa njia ya kufika kwa daktari. Akaanza kuchangisha, wenzake wengi wa NBA waliombwa, lakini mzigo mkubwa akaubeba mwenyewe, alitoa dola milioni 15 na zaidi katika gharama ya milioni 29 hivi. Ikafunguliwa 2007, vitanda 300, inaitwa Biamba Marie Mutombo, ndo jina la mama. Wakati huo bado anacheza, aliacha 2009 baada ya kuumia goti akiwa na timu ya Houston. Alifariki 30 Septemba 2024 kwa saratani ya ubongo, akiwa na miaka 58.

Na Kiswahili ndiyo, kilikuwa kimojawapo kati ya lugha tisa alizokuwa anaongea, pamoja na Tshiluba yake na Lingala.