Kibuyu, konokono na tumbawe: maswali ya ufinyanzi

Fundi, sina gurudumu la kufinyangia. Naweza kufinyanga umbo kubwa la kibuyu?

Unaweza, na gurudumu lingekubana tu. Kibuyu hakina mviringo kamili. Upande uliolalia shamba hubonyea. Viringisha kamba za udongo, upange moja juu ya nyingine huku ukizisugua zishikane ndani na nje. Usikimbilie kumaliza siku moja: acha chini kukaze kwanza, la sivyo tumbo litaporomoka. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hujenga vyungu vyake maarufu kwa mkono, bila gurudumu.

Konokono wangu anaonekana bandia. Kwa nini?

Nahisi ulifinyanga tonge, ukachora mizunguko juu yake. Konokono hajengi gamba hivyo. Huongeza mdomoni tu, na kadiri anavyokua mdomo hupanuka. Basi anzia nchani, uongeze kamba kwenye ukingo, kila mzunguko mpana kuliko uliotangulia. Kabla ya kushika udongo, jiulize kitu hicho kilikuaje. Sura itakuja yenyewe.

Matawi ya tumbawe langu hukatika yakikauka.

Umebandika udongo mbichi kwenye ulioanza kukauka. Unyevu ulingane. Kwaruza pande zote mbili, paka uji wa udongo, kisha funika ncha kwa plastiki, maana ndizo hukauka kwanza.

Kazi yangu ilikuwa kavu kabisa, lakini ililipuka motoni!

Kavu kwa nje, dada. Wengi husingizia hewa, ila mlipuaji ni maji: yakipita nyuzi joto 100 za Selsiasi hugeuka mvuke na kutafuta njia kwa nguvu. Umbo lililozibwa pande zote litobolee kitundu. Changanya udongo na vigae vilivyosagwa, uanze na moto mdogo. Shika kioo mbele ya tundu la tanuri. Kikifanya ukungu, usiongeze moto. Karibu na nyuzi 573 nenda taratibu tena, kwani mchanga ulio kwenye udongo hutanuka ghafla. Wakati wa kupoa hujibana vilevile, kwa hiyo usifungue tanuri mapema.

Nitapataje weusi wa kung'aa bila kupaka rangi?

Udongo ukikaza lakini haujakauka, usugue kwa kokoto laini. Uchome mara ya kwanza kwenye moto wenye hewa: ukiwa na madini ya chuma utatoka mwekundu. Rudia ukiwa umeufukia kwenye vumbi la mbao ndani ya pipa la bati lenye kifuniko. Moshi usiopata hewa ndio utakaoutia weusi. Usiweke maua yenye maji humo. Chungu cha namna hii huvuja.