“Lakini ni kweli” si jibu la lalamiko la faragha

Vijana wangu wa deskini, nimesoma jibu mlilomwandikia yule mama aliyelalamika kwamba picha yetu ya mazishi imemwingilia faragha yake. Mmemwambia habari ni ya kweli, picha tulipiga wenyewe, asiyeridhika aende kwa Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya. Ataenda. Kisha mtakuja kwangu mkinyata na ile notisi ya kuwataka mjibu lalamiko mkononi. Kila kundi jipya likiingia naona mambo ni yale yale, basi acha niyaandike nipumzike kuyarudia.

1. Kwanza someni lalamiko lenyewe. Anayesema mmeandika uongo mnamjibu kwa daftari, rekodi na hati za mahakama. Anayesema mmemwingilia maisha yake hajakataa kwamba ni kweli. Huo ukweli ndio unaomuuma. Ukimwambia “ni kweli” umemuunga mkono. Utetezi wenu hapo ni maslahi ya umma, nayo yatajwe waziwazi: mlifichua uhalifu gani, mliwakinga watu na hatari gani, mlimnasa kiongozi gani akidanganya. “Wasomaji walitaka kujua” haimo.

2. Daftari halitupwi. Basi.

3. Mtu akipiga simu, msimfukuze kwa “andika barua rasmi”. Hili nalijua kwa sababu nililifanya.

Nilikuwa mwandishi wa mahakamani, nalipwa kwa urefu wa habari, kwa hiyo aya moja ya ziada ilikuwa nauli. Kijana mmoja alishtakiwa kwa wizi wa mabavu. Dada yake aliketi safu ya nyuma akilia. Nikaulizauliza koridoni, nikapata jina lake na shule anayofundisha, nikavipachika katika aya ya nne na kujiona fundi. Kanuni za maadili zinasema jamaa za mshtakiwa wasitajwe isipokuwa pale inapolazimu ili habari ielezwe kwa ukamilifu na haki. Nilikuwa nimezisoma. Nilizitia saini siku ya kwanza kazini, kama nyinyi.

Asubuhi akapiga simu. Hakutaka pesa. Alitaka jina liondolewe mtandaoni kabla wanafunzi wake hawajaliona. Mhariri wa tovuti alikuwa meza ya pili kutoka yangu! Nikamwambia aandike barua. Akaandika. Nikamjibu kurasa mbili, nikinukuu Ibara ya 34 ya Katiba kuhusu uhuru wa vyombo vya habari, kana kwamba Ibara ya 31 kuhusu faragha ilikuwa Katiba ya nchi nyingine. Akaenda kwa Tume ya Malalamiko, ile ya Baraza inayosikiliza malalamiko dhidi yetu.

Notisi ilipofika, mhariri msimamizi aliniita, akaniamuru niandike masahihisho upesi mambo yaishe. Nikaandika: katika toleo letu la siku fulani tulimtaja Bi. Fulani, mwalimu wa shule fulani, kuwa dada wa mshtakiwa katika kesi ya wizi wa mabavu, na tunasikitika. Jina kamili. Shule. Kesi. Tena ukurasa wa pili, ndani ya kisanduku, mahali ambapo hata asiyesoma habari za mahakama angeona. Walioikosa mara ya kwanza tukawaandalia upya. Na hakuna aliyenizuia; habari ilipita mikono ya watu kadhaa, wote wakiangalia tahajia.

Siku ya usuluhishi yule dada hakuniangalia hata mara moja. Mjumbe mmoja wa Tume akaniuliza: ukiiondoa ile sentensi, habari yako inapungukiwa na nini? Nikafungua mdomo. Wakili wetu akatazama saa. Tukakubaliana jina lifutwe mtandaoni, yale masahihisho nayo yaondolewe, na barua ya kuomba radhi iende kwake yeye, si gazetini. Jina lingefutwa siku ile ile ya simu, na hayo mengine yasingehitajika. Shule alikuwa amekwisha hama.

4. Kwa hiyo kosa la usahihi lisahihisheni mbele ya wasomaji, lakini kosa la faragha muulizeni kwanza mwenyewe anataka lirekebishwe vipi. Wengine wanataka mnyamaze tu.

5. “Tuliitoa Facebook.” Mtu aliyewaonyesha marafiki zake picha hakuwapa nyinyi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina kinga kwa uandishi wa habari, lakini kinga hiyo inaambatana na maslahi ya umma na kufuata maadili. Mkiyakiuka, mlalamishi ana mlango wa pili: Kamishna wa Data.

6. Kuhusu faini mnazozichekea: Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 inataja hadi shilingi 500,000 kwa kampuni na hadi 100,000 kwa mwandishi. Wewe unayelipwa kwa kila habari, rudia kusoma hiyo ya pili. Tume pia inaweza kuagiza uamuzi wake uchapishwe, na kwa mhariri ninayemjua mimi, afadhali faini.

7. Msidhani ni sisi tu. Januari 2019, baada ya shambulio la kigaidi katika hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, gazeti la Marekani la New York Times lilichapisha picha ya miili ya waliouawa. Wakenya wakaja juu, na Baraza likataka picha hiyo iondolewe. Deskini tulishangilia, mimi nikiwa wa kwanza, hadi nilipokwenda kutafuta picha fulani kwenye hifadhi yetu na kufungua faili la ajali za barabarani. Nikarudi mezani kimya.

8. Tarehe iliyo kwenye notisi ya Tume ni ya jibu kufika, si ya kuanza kulitafuta daftari. Na msiniletee rasimu saa kumi na moja jioni. Saa hiyo ninafunga kurasa.