Neti mbichi haipandi gari

Juzi nimepita nyuma ya stoo, nikawakuta vijana wetu wapya wanasokomeza neti ya planktoni (viumbe vidogo mno vinavyoelea majini) kwenye gunia, maji yakichuruzika, na mabuti juu yake. "Kesho tuko Matema, Ziwa Nyasa, kaka, itakaukia huko huko." Nikakumbuka gunia langu. Basi kabla hamjapanda gari, shikeni haya.

1. Lebo andika kwa penseli. Wino ukilowa, wiki nzima ya kazi imekwenda na maji.

2. Kausha kila kitu. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza tulitoka bwawa la Mtera, tukalala Makambako, kesho yake tukateremka Tukuyu hadi Matema. Gunia limefungwa muda wote, na kwa baridi ya Makambako hata soksi haikauki. Kufika tu nikajitia mchapakazi: nikaingia ziwani na mabuti yale yale, nikasuuza ndoo ya Mtera humo humo. Mzee wa mtumbwi akainama, akabandua kitu kisiginoni kwangu. Konokono, kama punje ya mchele, anatambaa. "Huyu umekuja naye, mwanangu?" Nikasema ni wa hapa hapa. Uongo mtupu! Ndani ya ndoo nilishaona wengine watatu, na niliokwisha kuwamwaga sikuwahesabu. Maji ya Mtera huenda Rufiji, ya Nyasa hushuka Shire mpaka Zambezi. Mimi nikayakutanisha kwa ndoo ya lita 10. Kwenye ripoti sikuandika neno. Mpaka leo nikienda Matema napinduapindua mawe pale pale, kama mtu aliyeangusha pete.

Msiniambie konokono mmoja si kitu. Kuna konokono aitwaye Melanoides tuberculata: jike huzaa bila dume, na aina yake ya Asia imeshaingia Nyasa. Ilijificha kwa kufanana na konokono wenyeji. Kome milia nao, viumbe wa majini wenye magamba mawili, walionekana Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini mwaka 1988, wameletwa na maji ya uzani, yale ambayo meli hubeba tumboni ili isiyumbe. Lava wake, yaani kome mchanga, humwoni kwa macho. Mkubwa huchuja mpaka lita 1 kwa siku: maji yanang'aa, watu wanafurahi, kumbe chakula cha samaki wachanga ndicho kimekwisha. Hujibandika kwa nyuzi kwenye mabomba, hata mgongoni mwa kome wenyeji hadi wafe.

3. Posho saini kabla ya safari. Mtanishukuru.

4. Neti ya juzi nimeianika kwenye kamba ya nguo nyuma ya stoo. Ikiwa bado mbichi, ufunguo wa gari msiniombe.