Mvua iliyochelewa na mabadiliko ya tabianchi

Ndugu yangu wa Kongwa, umeuliza iwapo mvua kuchelewa msimu huu kunathibitisha mabadiliko ya tabianchi. Msimu mmoja hautoshi: mvua za Dodoma, za Desemba hadi Aprili, hutofautiana sana mwaka hadi mwaka, na ndiyo maana wataalamu hutumia wastani wa miaka 30, kama ule wa 1991 hadi 2020. Jumla ya mwaka nayo hudanganya, kwani mvua ya siku mbili inayojaza makorongo haiuokoi uwele uliokwisha kunyauka. Omba takwimu za kila siku Mamlaka ya Hali ya Hewa, uhesabu siku kavu mfululizo za Januari na Februari, kisha utazame joto la usiku, ambalo kwa maoni yangu ni shahidi mwaminifu kuliko mvua.