Mirija ya kinenani na shingoni kwenye kupandikiza ini, ni salama?

SWALI: Shikamoo daktari. Dada yangu yuko Uingereza anasubiri kupandikizwa ini, kaambiwa huenda wakamwekea mirija mikubwa kinenani na shingoni kwa kutoboa ngozi tu. Si atavuja damu jamani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hofu yako naielewa kabisa. Iko hivi, ini la zamani likitolewa ule mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo unaweza kubanwa, damu ya miguuni inakwama, presha inashuka, ndo pampu iliyounganishwa na mirija hiyo inaivuta kinenani na kuirudisha shingoni, njia iliyoshika kasi Pittsburgh, Marekani, miaka ya 1980. Zamani walipasua kwapani na kinenani ili kuiweka mirija, vidonda vikawa vinavuja majimaji na kuoza. Sasa hivi inaingia sindano, waya mwembamba unafuata, mrija unateleza juu ya waya, yote yanaangaliwa kwa ultrasaundi. Hatari zipo sikufichi, kutoboa ateri (mshipa unaotoa damu kwenye moyo), damu kujaa kifuani, hewa kuingia, damu kuganda, na mrija wa shingoni ndo unanitia wasiwasi zaidi. Muulizeni daktari wa usingizi ameshaweka mingapi, na kama atahakikisha waya uko kwenye vena (mshipa unaorudisha damu kwenye moyo) kabla ya kupanua tundu. Halafu wapasuaji wengi sasa wanauacha ule mshipa mkubwa mahali pake, kwa hiyo pampu inaweza isihitajike kabisa.