Uko na miaka ngapi? Kwa wanaoanza kuandika hapa Lubumbashi

Vijana wanaoshuka jukwaa la slam, yale mashairi ya kusemwa mbele ya watu, kwenye ukumbi wa Halle de l'Étoile wananiuliza kama miaka 19 si michache mno kwa mtu kutoa kitabu. Mapapa, yaani wazee wetu, wa mtaa wa Katuba waliostaafu wananiuliza kama kwa miaka 67 wakati haujapita. Ukiwasikiliza vizuri, wote wanatafuta mtu wa kuwapa ruhusa, na mtu huyo hayupo. Anayesoma miswada kwenye nyumba ya uchapishaji anafungua faili, anapitia kurasa chache, na zisipomshika anaifunga, iwe imetoka kwa mwanafunzi wa sekondari au kwa babu yake.

Hata hivyo msiwaamini wanaosema umri hauna kazi kabisa. Kuna mahali unahesabiwa, na pa kwanza ni mashindano. Tuzo ya Voix d'Afriques, iliyoanzishwa na RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, pamoja na nyumba ya JC Lattès ya Paris, iliwalenga wanaoishi Afrika ambao hawajachapisha riwaya na hawajatimiza miaka 30. Wewe wa miaka 28 unayesugua sura ya kwanza mwaka wa nne sasa, ujue mlango kama huo unafungwa siku unapotimiza miaka 30. Na wewe wa 45, usipoteze hata jioni moja kuulalamikia. Tafuta tuzo za kitabu cha kwanza, maana hizo zinahesabu vitabu. Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa mji huu aliyezaliwa mwaka 1981, alipata ile ya Etisalat ya 2015 kwa riwaya yake ya kwanza, iliyotoka Paris mwaka 2014. Masharti uyasome mwenyewe, na uyasome upya kila mwaka. Picha iliyozunguka WhatsApp mwaka juzi si masharti.

Tuzo nazo hubadilika mikononi mwa wanaozitoa. Edmond de Goncourt, mwandishi wa Ufaransa, aliacha wosia kwamba tuzo yake, ile ya Goncourt, iende kwa ujana; mwaka 1984 akapewa Marguerite Duras, mama wa miaka 70. Mwaka 2021 akapewa Mohamed Mbougar Sarr wa Senegali, aliyekuwa na miaka 31. Mtu akitazama 70 na 31 ataona bahati nasibu. Lakini Duras alikuwa anachapisha tangu 1943, na Sarr alikuwa tayari na riwaya tatu nyuma yake.

Hapo naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapojidanganya. Mapapa wanapenda sana mfano wa In Koli Jean Bofane, mzaliwa wa Mbandaka mwaka 1954, ambaye riwaya yake ya kwanza ilitoka 2008. Karibu miaka 54! Wanaondoka wamefurahi. Sasa ongezeni yaliyobaki: kabla ya kuhamia Ubelgiji mwaka 1993 alikuwa amefanya kazi ya matangazo na ya uchapishaji Kinshasa, na mwaka 1996 alitoa kitabu cha watoto. Vilevile Laura Ingalls Wilder wa Marekani, anayetajwa kila mahali kwa kutoa kitabu cha kwanza mwaka 1932 akiwa na miaka 65, alikuwa akiandikia gazeti la wakulima tangu 1911. Hawa hawakuamka siku moja na mvi zao wakaandika. Swali la kujiuliza ni umeandika miaka mingapi, kurasa mbaya ngapi zimeshatoka mkononi mwako. Kijana anayeandika kila siku tangu akiwa na miaka 14 ni mkongwe akifika 22. Mzee aliyebeba hadithi kichwani miaka 40 bila kuiandika, kwenye karatasi yeye ni mgeni, na akubali kuanza kama mgeni.

Nanyi vijana msidhani kutoka mapema ni kufika. José Saramago wa Ureno alichapisha riwaya mwaka 1947, akiwa bado kijana. Riwaya yake iliyofuata kuchapishwa ilitoka 1977. Nobel ilimkuta 1998.

Umri unahesabiwa pia na wanaotaka pesa zako, na hawa wanaujua vizuri kuliko mchapishaji wa kweli. Nazungumzia nyumba zinazokupokea kwa sifa nyingi, kisha zinakuletea bei: ulipie usahihishaji, ulipie jalada, ununue mwenyewe nakala mia kadhaa. Tunaita compte d'auteur, yaani kwa gharama ya mwandishi. Si wizi kila mara. Mtu anayetaka nakala chache za kugawia ukoo anaweza kuichagua akiwa macho wazi. Ila wateja wao wakubwa ni wale wale wawili: kijana mwenye haraka ya kuonekana, na mzee anayeogopa kufa kabla ya kuona jina lake kwenye jalada. Nimeona watu wakitoa pesa ya kumalizia nyumba kwa maboksi ambayo sasa yanaliwa na mchwa. Mchapishaji wa kweli analipia kazi yeye, na wewe anakupa sehemu ya bei ya kila nakala inayouzwa, mara nyingi asilimia 8 au 10. Ni kidogo. Kitabu cha euro 15 kwa asilimia 8 kinakupa euro 1 na senti 20, kwa hiyo kazi ya mchana usiiache, uwe na umri gani.

Wazee wetu wana kitu ambacho kijana hawezi kukinunua. Aliyeondoka Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, mwaka 2003, katika ule utaratibu ulioitwa départ volontaire, kuondoka kwa hiari, ana kitabu kizima tumboni: kambi, posho ya unga, shule ya kampuni, halafu kimya. Na asiseme hajui Kifaransa cha vitabu. Mwaka 1965 André Yav, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili chetu cha hapa, kwa niaba ya chama cha watumishi wenzake. Yalikuwa maandishi ya taipu tu yaliyorudufiwa. Mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyatoa kama kitabu, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo wanahistoria wa nchi za mbali wanayasoma. Kama Yav angengoja Kifaransa kinyooke, tusingekuwa na kitu.

Mzee anayeandika kwenye kaye, yaani daftari, ampe mjukuu achape, au apeleke kwenye vibanda vya kuchapa na kufotokopi karibu na chuo kikuu. Sharti ni moja: anayechapa asirekebishe. Nimesoma muswada wa mama mmoja wa mtaa wa Kamalondo ambao mpwa wake aliusafisha hadi ukasikika kama ripoti ya semina. Tulirudi kwenye kaye.

Barua ya kupelekea muswada. Huku tumezoea CV inayoanza na mahali na tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, na mengine yote, basi watu wanaihamishia humo. Toeni. Mchapishaji anahitaji kujua kitabu kinahusu nini, kina urefu gani, na wewe ni nani kuhusiana na hicho kitabu. "Nilikuwa dereva wa treni ya shaba" ni maneno ya kuweka. "Samahani kwa makosa, mimi bado mdogo" si ya kuweka, wala "kwa kuwa umri umekwenda, naomba mnijibu haraka." Hili la pili nalikuta mara nyingi kuliko mnavyofikiri, na linaumiza kulisoma, lakini halijawahi kuharakisha jibu.

Mkataba ukija, umri unarudi mara ya mwisho. Asiyetimiza miaka 18 hasaini peke yake. Mzazi au mlezi akae mezani, naye asome, asiishie kusaini. Kwa mzee jambo ni lingine. Sheria yetu ya haki za mwandishi, ile ya tarehe 5 Aprili 1986, inazilinda kazi zake miaka 50 baada ya kufa kwake, na mapato hayo ni ya warithi. Kwa hiyo aandike majina yao, aweke nakala ya mkataba pamoja na karatasi za lupango, yaani kiwanja chake, na amwonyeshe mtoto mmoja ilipo. Amwachie na neno la siri la barua pepe, kwa sababu jibu la mchapishaji linaweza kuchukua miezi sita, na linakuja humo humo.